Kofi Kingston: miaka 11 ya safu ya kati, sekunde 10 za kuifuta

Usiku wa 4 Oktoba 2019, ndani ya Staples Center mjini Los Angeles, kengele ililia, mwanamieleka Kofi Kingston akaruka kumvamia mwenzake Brock Lesnar. Lesnar alimdaka hewani, akampandisha mabegani, akampiga F-5, pigo lake la kumalizia, na kumlalia. Refa akahesabu tatu. Yote hayo hayakufika sekunde 10, na mkanda wa ubingwa wa WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya kulipwa ya Marekani, ambao Kofi alikuwa ameushika kwa siku 180 ukaondoka. Kabla watu hawajameza walichokiona, Rey Mysterio alikuwa tayari anashuka njiani akiwa na Cain Velasquez, adui wa zamani wa Lesnar, na kamera zikamhama Kofi moja kwa moja.

Matokeo ya mieleka ya kulipwa hupangwa, na ndiyo maana kisa hiki kinafaa kuchambuliwa. Kofi hakushindwa kwa uchache wa mazoezi wala kwa kuteleza. Kuna watu walikaa mezani wakaandika muda, wakaandika pigo la mwisho, wakaandika nani atoke na mkanda. Katika kazi hii ushindi ni mtaji. Hutoka kwa anayeanguka ukaenda kwa anayebaki amesimama, na asiye na kitu hawezi kumpa mwenzake kitu. Kwa hiyo kila kipigo kikubwa kina maswali yake: aliyeanguka alikuwa na akiba kiasi gani, akiba hiyo ilimfikia nani, na huyo aliyeipokea aliifanyia nini.

Kiraka

Juu kabisa WWE huwa na wachache wanaouza tiketi. Chini wapo wanaoletwa kupigwa. Katikati ndiko wengi waliko, na hao ndio hubeba muda wa kipindi. Mtu wa safu ya kati hujaza dakika 8 au 10, pamoja na mapumziko ya matangazo ya biashara, bila kuharibu pambano na bila kumuumiza mtu. Huwapima wanaopandishwa: chipukizi kabla hajafikishwa kwa nyota hupewa kwanza mtu wa kati anayeaminika, amshinde kwa namna inayopendeza. Huitunza mikanda ya daraja la pili, ule wa Intercontinental na ule wa Marekani. Na mwenzake akiumia, yeye ndiye huitwa kuziba pengo. Watu wa soka wana neno la mchezaji wa aina hiyo: kiraka.

Kofi alikuwa kiraka wa kiwango cha juu. Alizaliwa Kumasi, Ghana, 14 Agosti 1981, akakulia Marekani, akamaliza masomo Boston College. WWE ilimsajili mwaka 2006 na kumpitisha kwenye matawi yake ya maandalizi. Tarehe 22 Januari 2008 akaonekana kwenye televisheni kupitia kipindi cha ECW. Kosa la kwanza lilikuwa limeshafanyika kabla hajarusha hata teke moja: kampuni ilimtambulisha kuwa Mjamaika. Akapewa jina la Kingston, video za ufukweni, na lafudhi ya kuigiza. Karibu miaka miwili Mghana huyu aliongea kama mtu wa Karibi kwa amri ya mwajiri. Mwishoni mwa 2009 lafudhi iliachwa na akaanza kutangazwa kuwa anatoka Ghana, Afrika Magharibi. Jina la Kingston likabaki.

Gharama ya uamuzi huo huwa haihesabiwi. Mwanamieleka hupanda kwa hadithi yake, na ya Kofi ilikuwa imefungiwa kabatini. Mambo yaliyokuja kuwaliza watu mwaka 2019, yaani Ghana, watoto wake, miaka ya kusubiri, yote yalikuwepo au yalikuwa yanaanza kujengeka. Kampuni iliona ni rahisi kumvalisha taifa lingine.

Ulingoni hakuwa na shida. Tarehe 29 Juni 2008, miezi mitano tu baada ya kuonekana, alimshinda Chris Jericho kwenye onyesho la Night of Champions na kuchukua mkanda wa Intercontinental. Jericho alikuwa jina zito, na ushindi ule ulikuwa mtaji halisi. Siku 49 baadaye, kwenye SummerSlam, mkanda ukaenda kwa Santino Marella, mtu aliyekuwa akitumika kwa vichekesho, katika pambano la wawili kwa wawili, kila upande mwanamume na mwanamke. Santino hakuhitaji mtaji huo. Vichekesho vyake vingechekesha vilevile bila mkanda.

Orton, 2009

Mwaka 2009 mlango ulifunguka kweli. Tarehe 25 Oktoba, kwenye onyesho la Bragging Rights, Kofi aliwafukuza wapambe wa Randy Orton waliokuwa wanamwingilia John Cena. Siku zilizofuata akaliharibu gari la mashindano alilopewa Orton. Tarehe 16 Novemba, mbele ya umati wa Madison Square Garden, aliruka kutoka juu akamvunjia Orton meza. Yeyote aliyeuona usiku ule anakumbuka kelele zilivyobadilika: watu waliacha kumshangilia kama mrukaji hodari wakaanza kumshangilia kama steringi. Wiki hiyohiyo, kwenye pambano la timu la kutoana la Survivor Series ya 22 Novemba, aliwaangusha CM Punk na Orton akabaki peke yake upande wake.

Hivyo ndivyo mtu wa kati hupandishwa. Anaanza na kitendo kimoja cha kushtua, mbele ya ukumbi mkubwa, dhidi ya adui ambaye hajazoea kudhalilishwa. Kisha ndani ya siku chache unakuja ushindi safi unaothibitisha kuwa kitendo kile hakikuwa bahati. Kinachobaki ni ushindi wa tatu kwenye pambano la ana kwa ana la kufunga ugomvi. Kofi hakupewa huo wa tatu. Tarehe 13 Desemba, kwenye onyesho la TLC, Orton alimshinda.

Januari 2010, kwenye pambano la watu watatu lililokuwa na Cena, Kofi aliinuka mapema wakati Orton anajiandaa kumpiga teke la kichwa. Orton akabadilisha akampiga RKO, pigo lake la kumalizia, na kamera zikamnasa akifoka neno la Kiingereza lenye maana ya "mjinga", tena kwa kurudia. Mashabiki wengi hutaja tukio hilo kama sababu ya Kofi kushushwa. Sikubaliani nao, na kalenda inanisaidia: TLC ilishapita. Ugomvi ulikuwa umefungwa kwa ushindi wa Orton wiki kadhaa kabla ya kosa lile. Kosa liliipa kampuni sababu ya kutorudi nyuma, lakini uamuzi wa kumtumia Kofi kama daraja la Orton ulifanyika Desemba.

Mara saba

Miaka minne iliyofuata ndiyo kiini cha kisa, ingawa ndiyo isiyokumbukwa na wengi, na kusahaulika kwake ni sehemu ya ushahidi. Hadi katikati ya 2013 Kofi alikuwa ameshika mkanda wa Intercontinental mara nne na wa Marekani mara tatu. Ukihesabu juujuu, huo ni utukufu. Lakini aliyeshinda mkanda mara saba amepoteza mara saba, na kwenye orodha ya waliomnyang'anya utaona kazi aliyokuwa anafanya: The Miz mwaka 2009, Dolph Ziggler mwaka 2010, Wade Barrett Desemba 2012, Dean Ambrose 19 Mei 2013. Kila mmoja wao alikuwa anapandishwa. Kofi alikuwa mizani ya kuwapimia.

Si vibaya mtu kuwa mizani. Usiku ule wa Ambrose ulikuwa matumizi mazuri kabisa: wenzake wa The Shield, Rollins na Reigns, walichukua mikanda ya timu usiku huohuo, kundi zima likatoka limebeba dhahabu, na likaendelea kukua kwa miaka. Alichotoa Kofi kilimfikia mwenye kuhitaji. Tatizo ni kwamba baada ya kutoa hakurudishiwa. Mizani lazima iwe na uzito wake. Mtu wa kati akipoteza mara tatu kwa wanaopanda, apewe walau ushindi mmoja safi dhidi ya mtu wa juu yake. Bila hivyo, kufikia kipigo cha nne anayemshinda hapati chochote.

WWE badala yake ilizoea kubadilishana: wewe leo, mimi wiki ijayo. Kuna njia moja mbovu iliyotumika mno, nayo inaenda hivi. Bingwa wa mkanda wa daraja la pili anapangiwa pambano la Jumatatu ambalo mkanda haumo. Anaangushwa. Kwa kuangushwa huko mpinzani anapata haki ya kugombea mkanda. Wiki mbili baadaye, kwenye onyesho la malipo, bingwa anamwangusha yule yule na mkanda unabaki. Sasa kila mmoja ana ushindi mmoja. Aliyepanda hayupo, aliyeshuka hayupo, na mtazamaji amejifunza kuwa matokeo ya watu hawa hayabadilishi lolote. Tangu Julai 2012 Raw, kipindi cha Jumatatu cha WWE, iliporefushwa ikawa ya saa 3 badala ya 2, mashimo ya kujaza yaliongezeka, na dawa ilikuwa ileile: chukua wawili wa kati, wapambanishe leo, wapambanishe tena wiki ijayo, badilisha mshindi.

Ukitaka kujua mtu wa kati anatumiwa au anatumika vibaya, usihesabu ushindi. Tazama kama kuingia kwake kunaonyeshwa au watazamaji wanamkuta tayari yuko ulingoni wanaporudi kutoka kwenye matangazo. Sikiliza watangazaji: wanamzungumzia yeye, au wanatumia dakika zake 6 kutangaza ugomvi wa nyota wa saa inayofuata? Angalia pigo lake la kumalizia. Trouble in Paradise ya Kofi, lile teke la kuzunguka hewani, likimpata mpinzani na mpinzani akajinyanyua kabla ya hesabu ya tatu kila wiki, silaha imeharibiwa, na kuitengeneza upya huchukua miezi. Halafu kuna maiki. Mtu asiyepewa dakika mbili za kusema kwa nini anapigana hawezi kulaumiwa kwamba watu hawajui anapigania nini. Miaka hiyo Kofi aliongea kidogo mno.

Alichopewa badala yake ni sarakasi ya kila Januari. Kwenye Royal Rumble ya 2012, pambano la watu wengi ambalo anayetupwa nje miguu ikagusa sakafu huwa ametolewa, alitembea kwa mikono ili miguu isiguse. Mwaka 2013 alijiokoa kwa kurukaruka juu ya kiti cha mtangazaji. Mwaka 2014 aliruka kutoka kwenye kizuizi cha mashabiki hadi ukingoni mwa ulingo. Ni ubunifu wa ajabu na ulikuwa wake. Lakini kampuni ikiona mtu anashangiliwa kwa dakika moja kwa mwaka, inaridhika na hiyo dakika moja. Kipimo kizuri ni WrestleMania, onyesho kubwa kuliko yote la mwaka. Kuanzia 2008 hadi 2018 Kofi hakupata hata pambano moja la ana kwa ana kwenye onyesho hilo. Aliingizwa kwenye mapambano ya ngazi yenye watu wengi, ya timu, ya vurugu za ulingo mzima. Mwaka 2011 aliitwa kumjazia nafasi Vladimir Kozlov kwenye pambano la wanne kwa wanne lililodumu takribani dakika moja na nusu.

New Day, au wafanyakazi wanapojiokoa wenyewe

Mwishoni mwa 2014 Kofi, Big E na Xavier Woods waliunganishwa na kupewa sura ya kuimba na kupiga makofi kama kwaya ya kanisani. Watu weusi watatu wenye uwezo mkubwa, na wazo lililotoka chumbani ni kwaya. Kumbi ziliwazomea. Aprili 2015 wakapewa uhuru wa kuwa maadui, na hapo wakachukua uzomewaji ule wakaufanya wimbo wao. Tromboni ya Woods (aina ya tarumbeta), pembe za kichwani, chapati za maji zinazorushwa kwa mashabiki: vitu vya kipuuzi kwa mtu anayesikia tu, lakini viliuza bidhaa na viliwapa maiki kila wiki. Mikanda ya timu waliyoichukua Agosti 2015 walikaa nayo siku 483 na kuvunja rekodi ya timu ya Demolition ya siku 478.

Ndani ya timu Kofi alipata kile alichonyimwa miaka saba: sauti, sura ya kudumu, na watu wawili wa kumsemea. Akiba ilianza kujaa upya, polepole, bila kampuni kukusudia.

Nafasi ya mtu mwingine

Februari 2019 Mustafa Ali aliumia kichwa siku chache kabla ya Elimination Chamber, pambano la watu sita ndani ya kizimba, ambako alikuwa mmoja wa sita waliopangwa kugombea mkanda wa Daniel Bryan. Kiraka akaitwa. Tarehe 12 Februari Kofi alianza pambano la mfululizo, mpinzani mmoja baada ya mwingine, kwenye SmackDown, kipindi kingine cha WWE, akamwangusha Bryan, kisha Jeff Hardy, kisha Samoa Joe, na zaidi ya saa moja baada ya kuanza ndipo AJ Styles akamtoa. Siku tano baadaye, Houston, walibaki wawili ndani ya kizimba, yeye na Bryan, na ukumbi wote ukawa upande wake. Alipoteza. Wenzake wakaja kumnyanyua na ukumbi ukabaki unaimba jina lake.

Hapo waandishi walifanya kazi nzuri, na haki yao wapewe. Walichukua udhalimu wa kweli wa miaka 11 wakaufanya hadithi. Tarehe 26 Februari mwenye kampuni, Vince McMahon, alimwondoa Kofi hadharani kwenye pambano la ubingwa la Fastlane, akamweka Kevin Owens. Kwenye Fastlane yenyewe akaahidiwa nafasi, kumbe akajikuta anapigana peke yake dhidi ya Sheamus na Cesaro. Tarehe 19 Machi aliambiwa awashinde watano apate WrestleMania. Akawapita Sheamus, Cesaro, Rowan, Samoa Joe na Randy Orton. McMahon akatokea kuongeza wa sita, Bryan mwenyewe, na Kofi akaangushwa. Wiki iliyofuata Big E na Woods wakapitia mfululizo wa timu kwa niaba yake na kumpatia nafasi.

Kilichofanya kazi ni kwamba kila kipigo cha wiki sita zile kilikuwa na mhusika anayeonekana. Kofi hakupoteza kwa sababu Bryan ni bora kuliko yeye. Alipoteza kwa sababu mwenye kampuni alimwongezea mlima. Kipigo cha namna hiyo hakipunguzi akiba, huiongeza. Ndiyo tofauti kati ya kushindwa huku na kule kwa 2012.

Tarehe 7 Aprili 2019, MetLife Stadium, New Jersey, Kofi alipigana pambano lake la kwanza la ana kwa ana kwenye WrestleMania, dakika zaidi ya 20, akamwangusha Bryan kwa Trouble in Paradise. Akawa bingwa wa kwanza wa WWE aliyezaliwa Afrika. Watoto wake wakaingia ulingoni. Baadaye mwaka huohuo alikwenda Ghana na mkanda begani, akapokewa na Rais wa wakati huo, Nana Akufo-Addo. Ile hadithi iliyofungiwa kabatini mwaka 2008 hatimaye ilitolewa, na watu walikuwa wakiisubiri.

Siku 180

Ubingwa wenyewe haukuwa mbaya. Alimshinda Owens mwezi Mei, Ziggler mjini Jeddah na tena ndani ya kizimba mwezi Juni, Samoa Joe mwezi Julai. Lakini tazama majina: Ziggler ni mtu ambaye Kofi alipigana naye mara nyingi tangu 2010, safu ileile. Mtu wa kati akipandishwa halafu akapewa wapinzani wa kati, amehamishwa mkanda tu, hajahamishwa daraja.

Agosti alikuja Orton, na hapo waandishi walishika uzi wa dhahabu. Kofi alimtuhumu mbele ya watu kuwa ndiye aliyemzuia miaka kumi, na lile neno la mwaka 2010 likarudishwa. Deni lilikuwa wazi. SummerSlam, 11 Agosti, ndiyo ilikuwa siku ya kulilipa, na pambano likaisha kwa wote wawili kuhesabiwa nje ya ulingo. Orton aliisogelea familia ya Kofi iliyokaa mbele, Kofi akachukua fimbo. Kama ugomvi wa wiki ni kitu kizuri. Kama hitimisho la miaka kumi ni kumwambia mtazamaji arudi baadaye. Ushindi safi ulikuja 15 Septemba, kwenye Clash of Champions. Siku mbili tu zilipita. Tarehe 17 Septemba Lesnar alitokea SmackDown, akatamka changamoto yake, akampiga bingwa F-5, na deni la Orton likafunikwa kabla wino haujakauka.

4 Oktoba

Sababu ya kibiashara inaeleweka. SmackDown ilikuwa inahamia televisheni ya Fox kwa mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni moja. Lesnar aliwahi kuwa bingwa wa uzito wa juu wa UFC, yaani mapigano yasiyopangwa matokeo, na Velasquez ndiye aliyempokonya mkanda huo mwaka 2010. Televisheni mpya ilitaka pambano linalofanana na michezo halisi. Watazamaji takribani milioni 3.9 waliangalia usiku ule. Hakuna kati ya haya linalohitaji sekunde 10.

Kumpa Lesnar mkanda si kosa. Kosa la kwanza ni kwamba kilichochukuliwa hakikuthibitika kuchukuliwa. Mtu akibomoa ukuta wa mawe watu huona nguvu zake. Akipita kwenye mlango uliokuwa wazi, hakuna aliyeona nguvu. Lesnar asingepungukiwa na chochote kwa pambano la dakika 6 au 7: Kofi apigwe dakika nne, ampate na Trouble in Paradise moja, Lesnar atoke nje ya ulingo kupumua, arudi, amalize. Wageni wa Fox wasiomjua Kofi wangejua kwa nini ukumbi unampenda. Waliomjua wangeondoka na huzuni badala ya mfadhaiko. Na Lesnar angebeba kitu kizito zaidi kwenda kwa Velasquez.

La pili ni kubwa zaidi: baada yake. Ijumaa iliyofuata Kofi alirudi na wenzake akitabasamu kama kawaida. Zilikuwepo Ijumaa tatu mfululizo, 11, 18 na 25 Oktoba, kabla Lesnar hajaondoka. Dakika tano za maiki zingetosha kwa mtu aliyenyang'anywa kazi ya miaka 11, aseme anajisikiaje. Pambano la marudiano lingeweza kufuata. Hakuna kilichoandikwa.

Kuna mfano unaoonyesha kwamba kampuni ilijua namna ya kufanya, nao ni wa Daniel Bryan mwenyewe. Tarehe 1 Aprili 2012, kwenye WrestleMania, Bryan alikuwa bingwa wa dunia na aliangushwa na Sheamus kwa sekunde 18. Kwa muda wa saa, kisa chake na cha Kofi ni pacha. Ila siku 28 baadaye, kwenye Extreme Rules, Bryan na Sheamus walipewa pambano refu la kushinda mara mbili kati ya tatu, likawa miongoni mwa mazuri ya usiku ule. Kumbi ziliendelea kumlilia, Bryan aliendelea kupewa maiki na ugomvi, na 6 Aprili 2014 akafunga WrestleMania akiwa na mikanda miwili. Sekunde 18 hazikumuua kwa sababu ziliruhusiwa kuuma. Za Kofi zilipitishwa kana kwamba hazikutokea. Mtu anapoonyesha kuwa kupoteza mkanda hakukumuuma, watazamaji huanza kujiuliza kama walikuwa sahihi kulia siku alipoupata.

Na je, Lesnar aliifanyia nini akiba ile? Tarehe 31 Oktoba, Saudi Arabia, alimmaliza Velasquez kwa takribani dakika moja na nusu. Kesho yake akahamia Raw na mkanda, na SmackDown ikabaki bila mkanda ule uliochukuliwa kwa Kofi. Velasquez hakuwahi kujengwa zaidi. Tarehe 8 Novemba Kofi na Big E wakapewa mikanda ya timu, na kwa hesabu ya kampuni deni likawa limelipwa. Kwenye Royal Rumble ya Januari 2020 Kofi, Big E na Rey Mysterio walijikuta pamoja ulingoni dhidi ya Lesnar, watatu wenye sababu zote za kisasi. Aliwatoa wote. Aliyekuja kumtoa Lesnar ni Drew McIntyre, na hiyo angalau ilimpandisha mtu.

Julai 2021 Kofi alipata nafasi nyingine ya mkanda uleule dhidi ya Bobby Lashley kwenye Money in the Bank, akashindwa ndani ya dakika 8 bila kufurukuta. Tarehe 13 Septemba mwaka huo Big E akamshinda Lashley na kuwa bingwa, Kofi na Woods wakaingia ulingoni kumkumbatia. Ubingwa wake ulidumu siku 110. Tarehe 1 Januari 2022, Atlanta, mtu mmoja aliongezwa siku hiyohiyo kwenye pambano la watu watano baada ya Roman Reigns kushindwa kushiriki pambano lake. Alikuwa Brock Lesnar, na kati ya wapinzani wanne aliyemchagua kumpiga F-5 na kumlalia ni Big E.